Kitufe cha Kumi na Tatu

Sauda mwanangu,

Nimemdhulumu mtu, na wewe umekuwa ukicheza juu ya dhuluma hiyo tangu ukiwa mtoto mdogo bila kujua. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka. Nitakuuliza mzigo umeufunga vipi, nitakutajia stesheni moja moja, mwisho karatasi itaisha sijasema kitu. Najijua.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Samaki wa migebuka wako kwenye ndoo, nauli umeishona, shangazi yako atakupokea. Mimi nimekaa hapa kibandani Ujiji, wewe uko Katubuka unasukwa nywele, na mashine yetu ya kunasa sauti na kupigia ngoma iko mezani mbele yangu. Kesho inapanda treni na wewe. Nimeifungua tumbo, nimepitisha spiriti chini ya vile vitufe viwili vinavyogoma. Vikigoma tena usivitwange ngumi kama unavyofanya. Vinataka usafi. Stabilaiza nimeifunga kwenye kanga ya mama yako, usiiwashe mashine bila hiyo hata wakikwambia umeme wa Dar haukatiki.

Sasa sikiliza. Ile "pfuu" iliyoko kwenye kitufe cha kumi na tatu. Hakuna harusi ya Ujiji wala Gungu ambayo haijachezwa juu yake. Wimbo wako uliotuma Dar, ule waliousikia watu wa studio wakakuita, umesimama juu ya sauti hiyo. Umeniuliza mara ngapi, "Baba, uliitoaje?" Nikakujibu, "Siri ya fundi." Siku ile una homa uliponing'ang'ania, nikakwambia nilipuliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Mdomo haukuwa wangu.

Mwaka ule Wakongomani walipovuka ziwa nilikuwa na miaka ishirini na nne. Boti zilikuwa zinashusha watu Kibirizi toka asubuhi mpaka usiku. Nusu ya Ujiji babu zake wametoka ng'ambo, kwa hiyo hatukuwaita wageni. Ndugu pia hatukuwaita. Mashine hii alikuwa ameniletea marehemu kaka yangu, aliyekuwa fundi wa meli, kainunua Mpulungu bila kujua ni kitu gani. Alidhani ni kikokotoo kikubwa. Nikajifundisha peke yangu, kitufe kwa kitufe, bila kitabu.

Watu wakaanza kuja kurekodi salamu. Familia zilikuwa zimetawanyika, huyu kambi hii, yule kambi ile, mwingine bado yuko porini. Mtu anasema maneno yake, natia kwenye kanda, madereva wa malori wanaipeleka kambini. Nilikuwa najiona mtu mkubwa. Kassimu, rafiki yangu unayemjua, yule fundi viatu, ndiye alikuwa anapanga foleni mlangoni kama askari.

Siku moja akaingia mzee mmoja wa Kibembe, mvuvi, anaitwa Wilondja. Shati moja, miguu imevimba, amekamata chupa ya maji kama amekamata mtoto. Siku hiyo kanda tupu zilikuwa zimeniishia. Nikamwambia, "Mzee, sema tu, nitaweka humu ndani ya mashine, kesho nikipata kanda nahamisha." Nikabana ubora wa sauti mpaka mwisho ili dakika moja na nusu iingie. Huo ni ujanja wa kwanza, na unaujua: ukiwa na nafasi ndogo, rekodi kwa ubora wa chini. Sauti itakwaruza kidogo, lakini itakaa. Kwa ngoma inapendeza hata zaidi.

Yule mzee akaniangalia. "Kijana, hii chuma inakumbuka?"

"Inakumbuka, mzee."

"Mpaka lini?"

Kassimu akacheka. "Mpaka Kiyama, mzee! Wewe sema!"

Akasema. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, nilisikia kila neno, na sijasahau hata moja. Alisema: "Riziki, ni baba. Ile neno nilikuambia, usikanyage kwangu hata nikufe, nimeitoa. Mwanaume uliyemchagua, sawa. Nasikia uko na mimba. Huyo mtoto ni wangu. Ukifika penye niko, usibishe hodi, ingia." Kisha akafungua chupa, akajaza maji mdomoni, akaipulizia maiki. Pfuu.

Mimi nikaruka. "Mzee, unaniulia maiki!"

Kassimu akashika mbavu. "Anatuoshea mashine huyu! Mzee, na mimi niogeshe, sijaoga toka juzi!"

Mzee hakucheka. "Maiki haikufe na maji ya baraka," akasema. "Kwetu mtoto akienda mbali, mzazi anamtemea maji. Yeye hayuko. Sasa nitamtemea wapi?" Kisha akajaza maji tena, akaipulizia maiki mara ya pili, na papo hapo akaita jina la binti yake mara moja tu: "Riziki." Akaondoka.

Ujanja mwingine, Sauda, na huu mtu hakufundishi kwa sababu kila mtu anadhani anaujua. Mashine hii ikizimwa inasahau yote. Kabla hujaenda msalani, hifadhi. Kabla hujafungua mlango kuona nani anagonga, hifadhi. Mimi nilikuwa na disketi mbili siku hiyo. Moja ilikuwa imeota ukungu, nyingine imejaa nyimbo zangu. Ningeweza kufuta wimbo wangu mmoja. Niliangalia orodha, nikaona zote nazipenda, nikaiacha mashine inawaka usiku kucha.

Kesho yake kanda sikutafuta. Wakaja watu wa Gungu wanataka wimbo wa harusi, haraka, bibi harusi anatoka keshokutwa. Wakaja na kina mama sita wa kupiga vigelegele. Nikawasha maiki, mashine ikaandika kwamba nafasi imejaa. Kina mama wamesimama, wamejitanda, wananiangalia. Mmoja akasema, "Huyu kijana anajua kweli, au anatuchezea?"

Nikasikiliza kilichojaa. Maneno ya mzee, maneno, kicheko cha Kassimu, halafu pfuu ya mwisho. Na hapo, Mungu anisamehe, sikusikia baba. Nilisikia kayamba. Ilikuwa sauti nzuri, mwanangu. Ina upepo mbele na changarawe nyuma, hakuna kayamba ya matete inayotoa vile. Nikaikata. Nikaiweka kitufe cha kumi na tatu. Halafu nikabonyeza kufuta vilivyobaki.

Mashine iliuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza mara ya pili, ndivyo ilivyotengenezwa, inauliza mara mbili. Nikabonyeza ndiyo. Nilijiambia mzee atarudi, nitamrekodi upya, kwani ana kazi gani?

Hakurudi. Malori yaliwabeba kwenda kambini wiki ile ile. Akafa huko kwa kuhara kabla mwezi haujaandama. Hilo nililisikia baadaye, na nilikosikia ndiko kwenye uchungu wote.

Miezi kadhaa ikapita. Wimbo ule ukashika mji. Kila duka la kanda linaupiga. Kijana mwenye mashine, kijana mwenye pfuu, ndivyo walivyoniita. Mchana mmoja akasimama mlangoni mwanamke kijana, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kaka, habari ya hapa? Natafuta kijana mwenye mashine."

"Ndiye mimi."

"Baba yangu anaitwa Wilondja. Amekufa kambini, kwa kuhara. Jirani yake aliniambia, alisema ameniachia neno kwa kijana wa mashine Ujiji. Alipitaka hapa?"

Kibandani tulikuwa wanne. Kassimu yuko pale na kiatu mkononi. Wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Na duka la jirani, wallahi, linapiga wimbo wangu. Pfuu, pfuu, pfuu. Mtoto mgongoni kwa yule mwanamke alikuwa anarusha miguu, anafuata ngoma.

Ningeweza kusema nimeifuta. Ni aibu, lakini ni aibu ya siku moja. Ningeweza hata kuacha hayo ya kufuta nikamwambia tu alichosema, maneno yote nilikuwa nayo kichwani, hayachukui muda wa kunywa maji. Lakini nikimwambia alichosema ataniuliza, basi nisikilizishe. Nikaona wateja wananiangalia.

Nikasema, "Hakuja hapa, dada."

"Mzee mwenye miguu kuvimba. Hakuja?"

"Wanakuja wengi. Huyo hakuja."

Akamrekebisha mtoto mgongoni. Akasema, siyo kwangu, kama anajiambia, "Basi hakunisamehe." Akaondoka.

Wateja walipotoka, Kassimu akaweka kiatu chini. "Ungemwambia tu."

"Ningemwambia nini? Kwamba nimefuta?"

"Ndiyo. Hayo hayo."

"Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Kwani kibanda ni changu?" akasema, akarudi kugonga kiatu chake. Hatujawahi kuliongelea tena, na bado ananitengenezea viatu.

Nilijifunza mengi kwenye mashine hii baada ya hapo, na nakupa yote, sina wa kumbakishia. Ukikata sauti, usiache kimya mbele yake hata kidogo, maana kile kimya kitaichelewesha ngoma na wewe utadhani mkono wako ndio mbovu. Lakini kama ni sauti ya mtu, mwachie pumzi yake. Usiikubali ile kazi ya mashine ya kunyoosha mapigo yote yakae mstarini. Ngoma za Waha ukizinyoosha zinakufa. Nyoosha ngoma kubwa peke yake, nyingine ziache zipepesuke. Vitufe kumi na sita si lazima ujaze kumi na sita. Wimbo ule wa kwanza ulikuwa na vitano. Ukiishiwa nafasi, chukua sauti mbili zinazopigwa pamoja, zirekodi upya ziwe moja, umepata kitufe cha bure. Chukua sauti moja uitandaze kwenye vitufe vyote, kila kimoja juu kidogo kuliko mwenzake, hata kifuniko cha sufuria kitakuimbia. Taa nyekundu isiwake wakati wa kurekodi, mfundishe anayeimba arudi nyuma hatua moja. Na kabla hujabadilisha chochote, nakili kwanza, halafu chezea nakala. Ya asili usiiguse. Hilo la mwisho ningeliandika kwenye paji la uso wako kama mama yako asingeniua.

Unaona nilivyo? Ujanja ninao mwingi. Umenilisha, umekusomesha. Kila siku ya Mungu nimekula kwa ile pfuu.

Unakumbuka Mwamgongo? Miaka mitatu iliyopita, tulipanda boti na maspika yakalowana, ukalia kwa hasira. Harusi ya yule binti anayeitwa Neema. Nilikuwekea mashine mbele yako, nikakwambia leo unapiga wewe. Kabla bibi harusi hajatolewa nje, kina mama wakaleta bakuli la maji. Ulikuwepo, uliona. Wakasema, "Mama Neema, maji haya hapa, mtemee mtoto." Mama akarudisha mikono nyuma.

"Mpeni shangazi yake," akasema. "Mimi sina."

"Wee mama, utamwachaje mtoto mkavu?"

"Asiyetemewa hatemi. Baba yangu alinifukuza mpaka akaingia kaburini. Waliniambia ameniachia neno kwa kijana wa mashine Ujiji, nikatembea na huyuhuyu Neema mgongoni, maziwa yamekauka. Kijana akasema hakuja. Nikubariki na nini, mwanangu? Na mate ya njaa?"

Wengine wakacheka kwa aibu. Shangazi akachukua bakuli. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya spika na waya mkononi, hatua kumi kutoka kwake. Ameniona, hakunijua. Nywele zimeniisha, tumbo limetoka. Nilikuwa nimekula wali wake nusu saa kabla.

Halafu wakapiga kelele, "DJ, pfuu! Tunataka pfuu!" Na wewe ukabonyeza, mwanangu. Ulibonyeza vizuri sana siku ile. Uwanja mzima ukacheza, yeye pia akacheza, mikono juu, baraka ya baba yake inamtoka spikani kila pigo, na yeye hana habari.

Kwenye boti ukaniuliza, "Baba, kwa nini yule mama amekataa kumbariki mtoto wake?" Nikakwambia, "Mila zao hizo." Ukakubali. Una tabia ya kuniamini. Ndiyo maana nakuandikia. Sikuweza kukuangalia nikasema, na sikutaka upande treni ukiwa bado na tabia hiyo.

Wiki iliyopita walinipigia simu kutoka Mwamgongo. Mdogo wake Neema anaolewa, Jumamosi ya wiki ijayo. Wanataka muziki. Wanataka pfuu. Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nikaliona lile bakuli, na mikono ya yule mama inavyorudi nyuma mara ya pili.

Jana, wewe ukiwa umekwenda kuaga, niliitoa sauti ile ili niihamishie kwenye simu yangu. Nikafanya kile nilichokufundisha ukiwa mdogo, cha kushusha mwendo wa sauti mpaka chini kabisa, ukague mkia wake, pale inapoishia, kama una uchafu. Sijawahi kuukagua mkia wa ile. Kwenye nyimbo zote kila pigo jipya linakata lililotangulia, kwa hiyo mkia wake haujawahi kusikika miaka yote hii. Nikaiacha iende mpaka mwisho. Pfuu, taratibu, kama upepo kwenye mabati. Halafu sauti ya mzee: "Ri..."

Nilikata vibaya, Sauda. Nilikuwa na haraka, kina mama wamesimama. Nilikata katikati ya jina lake. Kile kipande kimekuwa humo ndani siku zote.

Nimekihifadhi kwenye simu, nimekihifadhi kwenye disketi moja ninayobaki nayo, nimemwekea na Kassimu. Kisha nikakifuta kwenye mashine, na kwenye disketi zote unazokwenda nazo. Mashine ikaniuliza mara mbili. Safari hii niliyasoma maswali yake.

Kwa hiyo ukifika Dar ukabonyeza kitufe cha kumi na tatu, utakuta kimya. Usidhani imeharibika. Wimbo wako utakuwa na shimo mahali pale pale walipopapenda. Ule uliokwisha kuutuma sina uwezo nao, lakini mpya usiujenge juu ya sauti hiyo mpaka mwenyewe aseme. Najua utakasirika. Najua utasema, Baba, dhambi ni yako, kwa nini shimo liwe kwangu? Ungekuwa umezaliwa na mtu mwingine usingekuwa na shimo hilo, ila pia usingekuwa na mashine. Kasirika. Ukitaka usinipigie simu wiki mbili, usipige. Mama yako ataniambia kama umefika.

Mimi harusi ya Jumamosi sitaisubiri. Jumatano napanda boti ya mchana pale Kibirizi, peke yangu, bila spika, bila waya. Nina simu na nina maneno ya mzee, nimeyaandika jana yote ili woga usinipunguzie hata moja. Nitauliza kwa Mama Neema, nitaingia, nitavua kofia aone kichwa. Nitamwambia, "Dada Riziki, mimi ndiye yule kijana. Alikuja." Nitamsomea, nitamsikilizisha, kwanza kwa mwendo wake, halafu taratibu. Akinitukana nitakaa. Akinifukuza nitalala ufukweni, nirudi kwake Alhamisi. Akisema sauti ile isipigwe tena, nitaanzia duka la kwanza la Ujiji mpaka la mwisho.

Kabla jua la Jumatano halijazama atakuwa amesikia. Na Jumamosi, bakuli likiletwa, ataamua mwenyewe.

Baba yako.